Siku Niliyoitukana Tisini na Moja

Kuna watu wamewatukana mabosi wao wakafukuzwa kazi, na kuna watu wamewatukana majirani wakaitwa kwenye kikao. Mimi nilitukana namba. Nilisimama mbele ya watu tisini, wote wamevaa fulana nyeupe zenye picha ya mkate kifuani, nikaitukana tisini na moja kwa sauti ya mtu aliyelala na jibu chini ya mto. Namba haina mdomo, kwa hiyo haikunijibu pale pale. Ilisubiri kesho yake.

Kiwanda chetu ni cha mikate na skonzi. Kazi yangu mimi ni ukarani wa mlangoni: kreti zikishajazwa na kufunikwa, naandika zimetoka ngapi na zimepanda gari gani. Nina miezi minne kazini. Kwa kuwa nilimaliza sekondari, na kwenye hesabu nilipata alama ambayo mama yangu aliibandika ukutani, wananiita Profesa. Nusu yao wananitania, nusu nyingine wananiletea karatasi za dawa niwasomee. Mimi napokea heshima zote mbili bila kubagua.

Kila mwaka viwanda vitano vya mji huu hukutana uwanjani kwa michezo, na kabla ya mpira na kuvuta kamba kuna gwaride. Sisi tunalitaka gwaride, maana mpira tunafungwa kila mwaka na tumeshazoea. Sheria yake ni fupi: kikosi kiwe mstatili kamili, mistari yote sawa, upana usipungue watu watano. Ukibakiza mtu nyuma, hata mmoja, huyo anaitwa mkia, na mkia unakula pointi kumi. Anayetufundisha ni mkuu wa mashine ya kukandia unga, ambaye zamani aliwahi kulinda ghala la magunia kwa miezi sita na tangu hapo anaitwa Afande. Miezi sita tu, ila ukimsikia akisema "nyuma geuka" utadhani alizaliwa na filimbi mdomoni.

Tulikuwa tisini, pamoja na yeye mwenyewe. Tisini ni namba ya starehe: watu kumi upana, tisa kwenda nyuma, habari imekwisha. Tulifanya mazoezi wiki mbili kwenye uwanja wa kupakilia, kila alasiri magari yakishaondoka, mpaka watu wa pembeni wakaweza kukata kona bila kukanyagana. Halafu Jumatatu, siku tano kabla ya michezo, akaja Mama Mkubwa.

Huyu ni dada yake mama yangu, mzaliwa wa kwanza kwao, na ndiye aliyeniombea kazi. Yeye ndiye mwenye tanuri. Kiwandani kila mwanamke wa rika lake anaitwa kwa mwanawe, mama nani, mama fulani. Mama Mkubwa hakujaliwa mtoto, kwa hiyo wakamwita Mama Tanuri, na anaitika vizuri tu. Tanuri letu ni la matofali na moto wake hauachwi peke yake. Ndiyo maana miaka ishirini na miwili wenzake wakienda kupiga gwaride yeye anabaki na chepe lake la kutolea mikate, anawasikia wakirudi na nyimbo. Mwaka huu matofali ya ndani yamechoka. Fundi akapangiwa kuja Jumamosi hiyo hiyo ya michezo, na tanuri litazimwa. Mama Mkubwa alipoambiwa alikwenda kununua raba nyeupe, akawa anapikia nazo nyumbani wiki nzima ili zisije zikambana mbele za watu.

Jina lake likaandikwa mwisho wa orodha kwa wino mwekundu, maana mweusi ulikuwa umeisha. Afande akaikagua orodha, akatukagua sisi, akahesabu kwa kidole, kidole kikakwama.

"Profesa," akaita. "Tisini na moja inapangwaje?"

Sasa jua lilikuwa kali, kijiji kizima cha fulana nyeupe kinaniangalia, na mimi ni mtu ambaye nikiangaliwa sana akili inashuka miguuni. Nikaanza kugawa kwa sauti. Mbili haiingii, namba ni witiri. Tatu haiingii, kwa sababu tisa na moja ni kumi. Tano haiingii, haiishii na sifuri wala tano. Tisa inabakiza mmoja, kumi inabakiza mmoja. Saba nikaikumbuka mwisho. Jedwali la kuzidisha tulilokaririshwa shuleni liliishia mara kumi na mbili. Mwalimu alituambia ukifika hapo maisha yatakuachia. Nikasema saba mara kumi na mbili ni themanini na nne, kufika tisini na moja inabaki saba. Nikalisikia lile neno "inabaki" likitoka mdomoni mwangu, nikafunga hesabu.

Ebu rudia hapo polepole. Nimegawa kwa saba, nimebakiwa na saba, nikasema saba haiingii. Ni kama mtu anayelalamika hana pa kukaa huku kiti kitupu kinamgusa goti. Lakini hakuna aliyenishtua, na nilipoona hakuna anayebisha nikazidi kupanda.

"Haigawanyiki," nikatangaza. "Hii ni namba tasa."

Darasani neno hilo halina uzito wowote. Namba tasa ni ile isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Unaizungushia duara, kengele inalia, unatoka kwenda kucheza. Lakini pale hapakuwa darasani. Msumeno, dada anayeendesha mashine ya kukatia mikate, ambaye kwa kawaida hanyamazi hata akiwa anatafuna, aliinama akaanza kusoma viatu vyake. Nikageuka. Mama Mkubwa alikuwa hatua mbili nyuma yangu.

"Tasa kwenye hesabu ndiyo nini, mwanangu?" akauliza. Kwa upole, na hapo ndipo palipokuwa pabaya zaidi.

Mtu mwenye akili angejifanya amezirai. Mimi nikaeleza. Nikasema ni namba ambayo haina, haina, nikatafuta neno jingine kila mahali sikulipata, nikasema haina watoto. Kisha, Mungu anisamehe, nikaongeza kwamba tisini kwa mfano ina watoto kumi, ukiacha moja na yenyewe, nikaanza kuwataja. Mbili, tatu, tano, sita, tisa. Nilipofika kumi na tano Afande akanikanyaga.

"Basi nitoke mimi," akasema Mama Mkubwa. "Mbaki na hiyo tisini yenu yenye uzazi." Akacheka kidogo, akaenda zake kupanga trei.

Habari zilifika nyumbani kabla yangu. Tunakaa ua mmoja, mama yangu chumba cha mkono wa kulia na dada yake cha kushoto, na mambo ya kiwandani hupita ukuta kama joto. Sitaeleza yote niliyoambiwa. Kwa kifupi, ile alama ya ukutani ilibanduliwa. Nilipoona hata chai sitengewi, nikaenda kwa Mama Mkubwa, nikamkuta anashona kifungo cha fulana yake ya gwaride, fulana ambayo kwa mujibu wa hesabu zangu hakuwa na pa kuivalia. Nikamwomba msamaha. Nikamwambia nitatoka mimi, yeye aingie pahali pangu, tisini itatimia.

Akakata uzi kwa meno kabla ya kunijibu.

"Neno hilo nimelisikia tangu mama yako anacheza na wanasesere. Limechakaa, halinikwaruzi tena," akasema. "Kilichoniuma ni kwamba hukuhesabu vizuri. Ulinitoa kwenye mstari haraka haraka, kama mtu anafukuza kuku sebuleni."

Nikajitetea kwamba nilihesabu, tena mbele za watu. Akasema ndiyo maana. Nafasi yangu hakuitaka. Alisema yake anayo, imeandikwa kwa wino mwekundu, na akiingia kwa kumtoa mwingine atakuwa ametembea uwanja mzima akiwa mgeni. Nirudi nikahesabu tena, na safari hii nisiwe na haraka. Nikamkumbusha kwamba hesabu haibadiliki ukiirudia. Akanitazama kama mkate ambao haujaumuka.

Afande alikuwa amesema orodha itapelekwa kwa waamuzi Jumanne saa kumi jioni, na baada ya hapo hata mfalme hapenyi. Kwa hiyo Jumanne saa nane mchana, magari yakisubiriwa, mimi nilikuwa kwenye meza ndefu ya kupozea nikiwa nimevaa glavu za plastiki, mbele yangu skonzi tisini na moja zilizotoka tanurini. Nilizihesabu mara nne. Skonzi moja mtu mmoja, nikajiambia, tuone hawa watu wanakataa wapi.

Nikaanza na skonzi moja juu, mbili chini yake, tatu, nne, nikaendelea hivyo nikitarajia zitaniishia katikati ya safu. Safu ya kumi na tatu ikaisha pamoja na skonzi. Pembetatu kamili, haijapungua wala kuzidi. Nikaona ni bahati. Nikaivunja, nikapanga sita kwa sita chini, thelathini na sita, juu yake tano kwa tano, kisha nne kwa nne, tatu kwa tatu, mbili kwa mbili, na mkononi nikabaki na skonzi moja ya kuweka kileleni. Piramidi. Nikaibomoa nikaweka moja katikati, nikaizungushia sita, mzunguko wa nje yake ukataka kumi na mbili, wa nje tena kumi na nane, kisha ishirini na nne, kisha thelathini. Meza ikajaa ua la pembe sita, na skonzi zikaisha hapo hapo.

Msumeno alikuwa amezima mashine yake kuja kunichungulia.

"Sasa hiyo tasa yako," akasema, "mbona ina sura nyingi kuliko shemeji yangu?"

Akamwita Afande aje aone. Afande akalizunguka lile ua la skonzi, mikono nyuma. Nikamweleza kwa haraka kwamba namba hii inakubali pembetatu, inakubali duara lenye pembe, inakubali hata piramidi. Akaniuliza kama nataka kikosi kipite mbele ya mgeni rasmi kikiwa piramidi, na kama ndivyo, nani atakuwa wale thelathini na sita wa chini, maana yeye mgongo unamsumbua. Akasema sheria ni mstatili, kwamba ana saa moja na nusu kabla ya kupeleka orodha, na kwamba skonzi za watu zirudi kwenye kreti. Akaondoka na kalamu yake ya wino mwekundu, na nilijua anakwenda kuchora mstari juu ya jina gani.

Ndipo Mama Mkubwa akatoka upande wa tanuri, uso umemwiva kwa joto. Wafungaji walikuwa wamezidiwa, gari la kwanza limeshapiga honi, kwa hiyo akavaa glavu akaanza kuzifunga zile skonzi mwenyewe. Kuangalia watu wenye mikono iliyozoea ni raha. Hahesabu. Anazoa, anashusha, anazoa, anashusha, kreti inajaa, anafunika, anasukuma. Ua langu la pembe sita likaliwa jani kwa jani mpaka meza ikabaki nyeupe.

"Saba," akasema. "Mwandikie dereva dazeni saba kamili."

Mimi kalamu ninayo lakini siandiki. Nikamwambia haiwezekani. Dazeni saba ni themanini na nne, skonzi ni tisini na moja, nimezihesabu mara nne bila haraka kama alivyoniagiza, kwa hiyo kuna saba zimepotea.

"Hazijapotea. Zimo ndani."

"Ndani wapi, Mama Mkubwa?"

"Ndani ya kreti. Dazeni ya kwetu ina kumi na mbili na nyongeza. Ile moja ni ya mwenye duka, ikipondeka ingine njiani asije kutulilia." Akanitazama. "Wewe si ndiye karani? Miezi minne unaandika dazeni, hujawahi hata kufunua?"

Sikuwahi. Kazi yangu huanza kreti ikishafunikwa, na mimi ni mtu wa kuheshimu vifuniko. Na tangu niingie pale sikuwahi kumsikia mtu hata mmoja akisema kumi na tatu. Wafungaji wanasema dazeni, dereva anasema dazeni, wenye maduka wanasema dazeni, na wote wanajua wanachokisema isipokuwa Profesa. Nikaitazama ile safu ya kreti saba, zote sawa, hakuna iliyobaki mezani. Nikahisi jedwali la shuleni linaongezeka mstari mmoja kichwani mwangu, kwa nguvu, kama droo iliyokwama.

"Kumi na tatu mara saba," nikasema. "Ni tisini na moja. Inaingia. Mama Mkubwa, inaingia kwa saba."

"Hiyo mara mara mimi siijui," akasema. "Mimi najua dazeni saba."

Nikamkuta Afande ofisini, orodha iko mezani, rula iko juu ya orodha. Nilipomweleza hakufurahi hata kidogo. Alikubali kwamba hesabu ni sahihi, ila alisema watu wameshazoea kumi kwa tisa, zimebaki siku nne, na wengi wao kulia na kushoto bado ni jambo la majadiliano. Kuwavunja sasa na kuwapanga upya ni kutafuta aibu. Nikamwomba aje ajaribu mara moja tu. Akasema hapana. Nikamwambia makosa ni yangu, adhabu isiwe ya mwingine. Akasema analijua hilo na inamsikitisha, na mkono wake ukashika kalamu.

Nje tukasikia sauti ya Mama Mkubwa. Alikuwa amenifuata, lakini ofisini hakuingia. Alisimama katikati ya uwanja wa kupakilia, watu wakiwa wanaanza kukusanyika kwa mazoezi, akapiga makofi mawili, unga ukaruka.

"Jamani," akasema, "jifungeni dazeni saba."

Basi. Hakueleza, hakuchora, hakupuliza filimbi. Wafungaji wakacheka, wakashika watu mabega, wakaanza kuwashusha kwenye mistari kama skonzi, wewe huku, wewe huku, wewe sogea unaponda mwenzako. Wakaja kunitoa mimi na Afande ofisini kwa kutushika mikono ya fulana, kwa sababu dazeni ya nne ilikuwa na mapengo mawili. Kabla dereva wa pili hajamaliza kufunga turubai, tulikuwa mistari saba, kila mmoja watu kumi na tatu. Ubishi ukawa mmoja tu: kila mstari ulitaka kujua nani kati yao ni nyongeza. Msumeno akasema ni yule anayekula sana, na mstari wake mzima ukageuka kumtazama yeye.

Afande akatoka kwenye pengo lake, akahesabu kwa urefu, akahesabu kwa upana, kisha akazunguka nyuma kutafuta mkia. Akautafuta mpaka nyuma ya gari. Aliporudi alikuwa amefunika kalamu.

"Mama Tanuri," akasema, "rudi pale pale uliposimama. Usihame."

Alikuwa amesimama dazeni ya saba, wa tatu kutoka mbele, pembeni upande wa kushoto.

Jumatano, Alhamisi na Ijumaa tulifanya mazoezi kwa lugha mpya. Afande aliacha "kikosi," akawa anaita "dazeni ya kwanza, mbele," na watu ambao kwa wiki mbili walikuwa wakigongana kama vikombe wakawa wananyooka, kwa sababu kila mmoja pale anajua ubaya wa dazeni iliyopinda: haifungiki. Mimi nilipewa adhabu ya kubeba maji ya wote tisini na moja. Niliyabeba kwa dazeni, na kila niliyempa kikombe aliniuliza kama saba inaingia.

Jumamosi tanuri likazimwa, mlango wake ukaachwa wazi kwa fundi, na Mama Mkubwa akapanda gari pamoja nasi. Uwanjani viwanda viwili vilivyotutangulia vilikuwa vya upana kumi, wakaenda vizuri. Kisha sisi. Saba kwa upana, kumi na tatu kwenda nyuma, kikosi chembamba kirefu kama mkate wa kukata. Mwamuzi mmoja mwenye miwani alituacha tupite, akatoka kwenye kiti chake, akaja nyuma kutuangalia. Alitembea nasi hatua kumi na kitu akitafuta aliyebaki. Hakumwona, akaandika, akarudi kukaa.

Tulipofika mbele ya mgeni rasmi Afande akapaza sauti, "Kulia, tazama." Watu tisini wakageuza shingo kulia kwa mpigo mmoja, nikasikia hadi kola zikikwaruza. Mama yangu hakuwa amekaa kulia. Alikuwa kushoto, kwenye nyasi, amesimama juu ya ndoo aliyoigeuza, anaita "Dada, dada." Na dada yake, badala ya kutazama mgeni rasmi, akageukia kushoto, mdomo umefunguka kwa kicheko, akampungia mkono. Akapunga tena. Nadhani alipunga mpaka tulipokata kona, ila siwezi kuapa kwa sababu mimi nilikuwa nimetazama kulia kama mtu mwenye adabu.

Tukawa wa pili. Wa kwanza walitushinda kwa pointi moja. Kwenye karatasi ya waamuzi, mbele ya neno mkia, palikuwa na sifuri safi. Pointi tulizopoteza zilikuwa mbili, na maelezo yake yalisema: mkono, mstari wa kushoto.

Gari zima lilikuwa linaimba tukirudi, na aliyeanzisha wimbo, kisha akaurefusha kila ulipotaka kufa, alikuwa Mama Mkubwa. Afande alikaa mkabala naye na ile karatasi magotini. Aliisoma, akaikunja, akaikunjua. Mwishowe alishindwa kujizuia, akasogea mbele, akamuuliza ili ajue tu, kwa kumbukumbu za mwakani, pale mbele ya mgeni rasmi alipunga mkono mara ngapi.

"Wala sikuhesabu," akasema Mama Mkubwa, akaurudia wimbo tangu mwanzo.